Mteja wa Gari ya Spidi: Muuzie Breki Kabla ya Ekzosi

Leo naongea zaidi na wanaouza spea na vifaa vya gari mtandaoni. Lakini hata kama unauza viatu au simu, baki hapa, mbele kuna kitu chako pia.

Mimi nina duka dogo la spea. Wateja wangu wengi wanatoka Instagram na WhatsApp. Sijasomea magari chuo chochote, niliishia kidato cha nne. Nilichonacho nimekipata kwa kusimama gereji na mafundi, kusoma vitabu vya gari na kuuliza maswali mpaka watu wanachoka na mimi. Kwa hiyo haya ni maoni ya mwenye duka.

Maoni yangu ni haya: mteja aliyenunua gari ya spidi iliyotumika, akija inboksi anataka kuiongezea nguvu, muuzie kwanza breki, tairi na vitu vya kupooza injini. Nguvu ije mwisho. Na sisemi hivi ili tuonekane watu wema. Nasema kwa sababu ndiyo biashara inayodumu, na pia kwa sababu ile gari inabeba watu.

MTEJA MWENYEWE NI NANI

Unamjua. Kapambana miaka kadhaa, kapata gari ya ndoto zake. Mark X, Altezza, Crown, au Forester ya turbo. Gari imetembea Japani, imetembea hapa kwetu kwa wamiliki wawili watatu, sasa imefika kwake. Ameshaipiga picha, ameshaiosha mara nne kwa wiki. Na wiki ya pili tu anakuandikia: "Mkuu, nataka ekzosi inayonguruma na ea klina ya koni. Bei gani?"

Hizi gari sio za mchezo. Mark X ya kwanza, ile iliyotoka 2004, ilikuja na injini ya V6 ya lita 2.5 yenye farasi 215, au ya lita 3.0 yenye farasi 256. Iliyofuata ilifika mpaka lita 3.5 na farasi 318. Forester ya turbo ya lita 2.0 inaweza kufika farasi 220 au zaidi, kulingana na toleo. Altezza yenye injini ya 3S-GE inafika farasi 210 bila turbo. Zote hizo ni hesabu za kiwandani, gari ikiwa mpya, kila kitu kikiwa mahali pake.

Sasa jiulize: gari yenye miaka 15 au 20, ambayo hujui mafuta ya breki yamebadilishwa lini, inakosa nini hasa? Inakosa nguvu? Hapana. Nguvu inayo kuliko barabara zetu zinavyohitaji. Inachokosa ni uwezo wa kuibeba ile nguvu na kuisimamisha.

HATA WAMAREKANI WALIPITIA HUKU

Kuna gari wanaziita gari za misuli. Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilichukua injini kubwa ya lita 6.4 ikaiweka kwenye gari ya saizi ya kati, ikaipa jina GTO. Farasi 325 kwa injini ya kawaida tu. Watu walichanganyikiwa, ikauzika sana. Lakini breki zake zilikuwa za drum magurudumu yote manne. Breki za diski GTO ilianza kuzipata mwaka 1967, tena kwa kuagiza na kulipia.

Drum inahifadhi joto ndani. Ukishika breki mara kadhaa kutoka spidi kubwa, zinapata moto na nguvu ya kushika inapungua. Yaani gari ilikuwa na moyo wa simba na miguu ya mbuzi. Mpaka leo mtu wa kule anayenunua moja ya hizo gari za zamani, akiwa na fundi mwenye akili, moja ya kazi za mwanzo anazoambiwa ni kuweka diski mbele na tairi za kisasa.

Sisi gari zetu zinatoka kiwandani na diski tayari. Lakini diski iliyolika, pedi feki na tairi ya zamani vinaturudisha kule kule 1964.

HESABU YA SEKONDARI

Unakumbuka somo la nishati? Spidi ikiongezeka mara mbili, nishati ya mwendo inaongezeka mara nne. Kutoka 60 kwenda 120 breki zako zinapewa kazi mara nne, na umbali wa kusimama unakuwa karibu mara nne pia, tairi zikiwa na mshiko ule ule. Tena hapo bado hujahesabu muda wa dereva kushtuka. Kwa spidi ya 120, sekunde moja ya kushtuka ni mita 33 gari inatembea bila kuguswa breki.

Ekzosi haikupunguzii hata mita moja kati ya hizo. Kwenye injini isiyo na turbo, ekzosi na ea klina ya koni vinaleta farasi wachache tu, kinachoongezeka kweli ni sauti. Na ile koni ikikaa wazi karibu na injini inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ni nyepesi, haina oksijeni ya kutosha. Mteja anaweza kulipia nguvu akapoteza nguvu. Ila kwa sababu kelele zimeongezeka anajiona anakimbia zaidi.

MPANGILIO WANGU

Huu ndio utaratibu ninaompa mteja wa gari ya spidi iliyotumika. Uchukue, urekebishe kulingana na stoku yako.

1. Afya ya injini kwanza. Oili, filta, plagi, uvujaji. Kama ni Subaru ya turbo ya miaka ile, uliza mkanda wa taimingi umebadilishwa lini. Unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, na ukikatika injini ikiwa inazunguka, vali zinagongana na pistoni. Hapo mteja hatanunua ekzosi, atatafuta injini nyingine. Kama hana kumbukumbu ya lini ulibadilishwa, mkanda uhesabike umechoka.

2. Breki. Pedi nzuri, diski zilizonyooka na zenye unene unaoruhusiwa, na mafuta mapya ya breki. Pedi ikibaki milimita 3, imekwisha hiyo. Mafuta ya breki ndiyo watu wanayasahau kabisa. Yale mafuta yananyonya unyevu kutoka hewani. DOT 3 mapya yanachemka kuanzia nyuzi 205, yakishanyonya maji yanaweza kuchemka kwenye 140. DOT 4 yanaanzia 230, yakishanyonya maji 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga pedali inazama mpaka chini. Sasa mpe picha mteja: anateremka Kitonga, gari imejaa, lori mbele. Au kwa ndugu zetu wa Kenya, anateremka Mai Mahiu. Mafuta ya breki ni chupa ya bei ndogo kuliko vitu vyote anavyotaka kununua.

Hapo hapo muuzaji ujue kitu: DOT 5 sio "kubwa kuliko" DOT 4. Ni mafuta ya silikoni, hayachanganywi na DOT 3 wala 4. Nimeona wauzaji wanaandika "DOT 5, kali zaidi ya zote". Soma kifuniko cha kopo la gari ya mteja, muuzie kilichoandikwa pale.

3. Tairi. Sehemu ya tairi inayogusa lami ni kama kiganja chako. Viganja vinne ndivyo vinavyoshika gari nzima. Mwambie mteja apige picha ubavuni mwa tairi, palipoandikwa DOT. Tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3512 maana yake wiki ya 35 ya mwaka 2012. Tairi inaweza kuwa na meno mazuri kabisa lakini mpira umekauka kama kibao. Kisha angalia saizi na herufi. Kwa mfano 215/60R16 95H: ile 95 ni uzito, kilo 690 kwa tairi moja, na H ni spidi isiyozidi 210. Gari nyingi za Japani zimefungwa zisizidi 180. Mteja anataka umtolee hicho kizuizi, huku amevaa tairi za mtumba ambazo hata mwaka wake hajui. Hapo simuuzii. Namwambia wazi.

4. Joto. Rejeta, mfuniko wake, themostati, kuleti, feni. Huku kwetu fundi akiona gari inachemsha anatoa themostati na kujaza maji ya bomba, safari inaendelea. Injini inakuwa haifiki joto lake sahihi na rejeta inaoza kwa kutu. Ukiongeza nguvu juu ya hapo unaongeza joto kwenye ugonjwa.

5. Shokapu na bushi. Shokapu iliyokufa inafanya tairi iruke badala ya kushika. Kukata springi ili gari ilale chini sio maboresho, hata ikipendeza kwenye picha.

6. Sasa ndio nguvu. Akishamaliza hayo, muuzie ekzosi kwa roho safi. Muuzie ea klina yenye boksi lake inayovuta hewa ya baridi kutoka nje. Kama ni turbo, mpeleke kwa mtu anayejua kuseti kompyuta ya gari, asibahatishe.

MAFUNDI WATANIAMBIA

"Wewe unauza spea, bila shaka utasema anunue vitu vingi." Sawa. Lakini angalia faida inakaa wapi. Tuchukue namba za mfano tu, za kwako unazijua mwenyewe. Ekzosi moja inaweza kukupa faida ya laki moja, mara moja. Huyo mteja hatanunua ekzosi nyingine miaka mitano. Pedi zinakupa elfu 20, mafuta ya breki elfu 5, filta na oili elfu 15. Ndogo, eeh. Lakini oili inabadilishwa mara kadhaa kwa mwaka, pedi zinaisha, tairi zinaisha, na kila vikiisha anarudi kwa yule aliyemwambia ukweli mara ya kwanza. Anakuja pia na rafiki yake mwenye Crown.

Ekzosi ni mauzo ya siku moja. Breki ni mteja wa miaka.

"MTEJA NI MFALME, MPE ANACHOTAKA"

Hii ndio hoja inayonisumbua zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mteja ni mtu mzima, pesa ni yake. Na ukimwambia "anza na breki", wengine wanakujibu "poa" halafu unawaona wiki inayofuata wamefunga ekzosi ya muuzaji mwingine, wanamtagi. Inauma, hasa mwezi ukiwa mgumu na kodi ya fremu inakaribia. Mtu asikudanganye kwamba kusema ukweli hakupotezi oda. Kunapoteza.

Lakini mimi najiuliza hivi. Anayenunua ekzosi amechagua mwenyewe. Mama yake aliyekaa kiti cha nyuma Desemba wakielekea Moshi hajachagua. Mtoto anayevuka barabara Chalinze hajachagua. Bodaboda aliye mbele hajachagua. Sisi tunaouza mtandaoni tuna hatari moja zaidi: gari hatuioni. Muuzaji wa dukani anaweza kutoka nje akachungulia diski. Sisi tunapokea pesa kwa simu, tunampa bodaboda mzigo, imeisha. Kwa sababu hatuioni gari, ni lazima tuulize. Kutouliza ni kuamua kwamba haituhusu.

Na sikulazimishi ukatae kuuza. Nasema ushauri utangulie mzigo. Akishajua halafu akasisitiza, hapo ni uamuzi wa mtu anayejua anachofanya. Ila kuna vitu viwili mimi siuzi hata akisisitiza: kutoa kizuizi cha spidi kwa mtu ambaye tairi zake sijaziona, na pedi nisizojua zimetoka wapi. Wewe utajichagulia mstari wako, lakini uwe nao kabla pesa haijaingia, maana ikishaingia ni ngumu kufikiri vizuri.

UJUMBE WA KUTUMA INBOKSI

Watu wengi wanashindwa kwa sababu wanaanza kutoa somo. Mteja kauliza bei, wewe unamtumia hotuba. Mimi natuma bei kwanza, halafu maswali. Nakili huu:

"Habari bosi wangu, hongera kwa gari. Ekzosi ipo, bei ni hii hapa. Ila kabla hujatoa hela nisaidie vitu vitano nikushauri vizuri: 1) namba ya chesisi, 2) kilomita ilizotembea, 3) picha ya tarakimu za DOT kwenye tairi zote nne, 4) picha ya diski na pedi za mbele, 5) mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Kama kila kitu kipo sawa nakutumia mzigo leo leo."

Angalia ule ujumbe unafanya nini. Haukumkatalia. Haukumdharau gari yake. Na namba ya chesisi imekuokoa usitume spea isiyoingia, kitu ambacho kinatupotezea nauli kila siku.

Majibu yakirudi, mpe chaguo kwa bajeti yake. Tuseme ana laki nane. Usimwambie "laki nane yote weka breki", atakimbia. Mwambie: mwezi huu pedi, mafuta ya breki na tairi mbili zilizochoka zaidi, ambazo kwa kawaida fundi atazifunga nyuma ili gari isiteleze mkia. Mwezi ujao tairi mbili zilizobaki na kuleti. Ekzosi mwezi wa tatu, naiweka pembeni kwa jina lako. Ile ndoto umeitunza, umeipangia foleni tu.

POSTI ZETU PIA ZINACHANGIA

Tuwe wakweli. Ukurasa wako umejaa video za ekzosi zinanguruma na tairi zinatoa moshi, halafu unashangaa mteja haulizi breki. Wewe ndiye uliyemfundisha aulize nini.

Piga video ya pedi iliyobaki milimita 2 ikiwa pembeni ya pedi mpya. Piga video ya mafuta ya breki yaliyokuwa na rangi ya asali yakiwa meusi kama chai ya rangi. Onyesha namna ya kusoma tarehe ya tairi. Hizo video hazina mngurumo, hazitapata laiki nyingi kama ekzosi, nakubali. Lakini aliyeitazama mpaka mwisho ni mtu mwenye gari, anayejiangalia. Huyo ananunua. Laiki za watoto wasio na gari hazilipi kodi ya fremu.

Na ukiandika "orijino", uwe na uhakika. Kama hujui, andika jina la aliyetengeneza na nchi, basi. Kwenye vioo na mazulia feki inavumilika. Kwenye breki hapana.

KWA WASIOUZA SPEA

Kila biashara ina ekzosi yake na breki zake. Kuna kitu kinachopiga kelele ambacho mteja anakitaka leo, na kuna kitu kimya ambacho bila hicho, kile cha kelele kitamgeukia. Unauza simu? Chaji salama kabla ya kava la kung'aa. Unauza majiko ya gesi? Mpira na regyuleta kabla ya saizi ya jiko. Angalia stoku yako leo, jua kipi ni kipi, kisha amua utakitaja kipi kwanza mteja akiuliza bei.

Mteja wa gari ya spidi anapenda gari yake kuliko unavyofikiri. Ukimsaidia iendelee kusimama pale anapotaka isimame, atakuja mwenyewe kuuliza namna ya kuifanya ikimbie. Na siku hiyo atakuwa na wewe, sio na jirani.

Wenye maduka ya spea, niambieni: mteja akija na ekzosi kichwani, nyie mnaanza na swali gani? Mapambano mema.